Mkono Uliotangulia

Nitangulize samahani: hadithi hii nitaiharibu. Mimi ni mtu wa kuchekesha watu. Nikipewa msiba nausogeza pembeni ukae kidogo, kwanza nimalize mzaha wangu, na nikipewa jini nitamvalisha kaptura. Zamani kulikuwa na mtu aliyekaa karibu yangu nikisimulia, akinikatiza kila nikikosea, "sivyo, umeruka, rudi nyuma," lakini siku hizi simwoni, wala sikumbuki sawasawa alikuwa nani. Kwa hiyo mnipokee na mashimo yangu. Mkiona pengo, rukeni.

Palikuwa na muuza magodoro mmoja, watu wakimwita Kiganja. Duka lake lilikuwa katikati ya muuza masufuria na fundi redio, refu na jembamba kama soksi. Mbele yalisimama magodoro mapya ndani ya nailoni zao. Katikati kulikuwa na vitanda vya kujaribia, na ukutani kisu kirefu cha kukatia sponji. Nyuma kabisa palikuwa na cherehani ya binti yake na gunia kubwa la vipande vilivyobaki, maana kwa wauza magodoro hakuna kipande cha sponji kinachotupwa. Hata kama ni kidogo kama ukucha kinaingia guniani, na gunia likijaa linazaa mito. Mlango wa nyuma ulitokea kwenye vyumba walimoishi baba na binti. Hilo gunia mlikumbuke nyinyi, maana mimi naweza kulisahau.

Jina la Kiganja lilitoka kwenye kazi yake. Wauzaji wenzake walimpaka mteja maneno: hili la kisasa, hili la madaktari, hili hata maiti akilala anaamka. Yeye alisema mgongo hausikii maneno. Mteja alivua viatu akalala chali, vile anavyolala kwake, si vile anavyopenda aonekane akilala. Kiganja aliomba ruhusa, akapitisha mkono chini ya kiuno, pale mgongo unapoacha upenyo. Mkono ukipita kama barua chini ya mlango, godoro ni gumu mno na kiuno kitaning'inia hewani mpaka asubuhi. Ukigoma kuingia, ni laini mno, mtu amezama. Ukiingia kwa kubanwa kidogo, kama unavyoupenyeza chini ya mtoto aliyelala, hilo ndilo. Wanawake walipimwa na binti yake.

Yeye mwenyewe alikuwa amepinda kama ndoano.

"Kiganja, mbona hujipimi na wewe?" muuza masufuria alizoea kumtania.

"Mkono wangu haufiki," naye alizoea kujibu.

Siku moja mchana akaingia mwashi, pande la mtu, mkewe amemshika kiwiko kana kwamba wanavuka mto.

"Karibuni. Panauma wapi?"

"Uliza pasipouma," mkewe akasema. "Huyu halali, baba. Anakaa kitandani anahesabu mbao za dari. Hata zile mbao zimemchoka."

"Ukuta ulikuwa unamwangukia mdogo wangu," mwashi akaeleza, akivua viatu kwa taabu. "Nikauzuia kwa mgongo. Yeye akatoka na mguu mmoja mzima, mimi nikatoka na hiki kiuno. Tuligawana."

Akalala kwenye godoro la karibu na ukuta, la sponji nzito, jipya, lililoletwa wiki ile. Kiganja akaomba ruhusa, akapitisha mkono. Ukaingia kwa kubanwa kidogo, vizuri kabisa, na alikuwa anafungua mdomo kusema "hili ndilo" pale ncha za vidole vyake zilipogusa vidole vingine.

Vilikuwa vimetulia, vimeelekea juu, vinangoja. Mkono mwingine ulikuwa umeshatangulia chini ya kiuno cha yule mtu, na ulikuwa na joto la homa.

Kiganja akatazama mikono ya mwashi: yote miwili iko kifuani. Akatazama ya mkewe: imeshika viatu. Akatazama na ya kwake, maana katika hali kama ile mtu huanza kujishuku mwenyewe. Akauchomoa wake polepole, akarudi nyuma.

"Hapo hapo, mzee," mwashi akasema kwa sauti ya usingizi, macho yamefumba. "Usiutoe. Mkono wako una dawa."

Kiganja alikuwa amesimama mbali na kitanda, mikono yake yote miwili mfukoni.

Mwashi alipoamka alisimama wima, akajinyoosha hadi mifupa ikalia, mkewe akafuta machozi kwa ncha ya nguo. Wakachukua godoro la aina ile ile kutoka kwenye rundo, kwani la kujaribia haliuzwi. Walipokwisha kuondoka, godoro la karibu na ukuta likashusha pumzi. Sponji yoyote hufanya hivyo mtu akiinuka; hurudisha hewa iliyobanwa, fyuuu, basi. Hili lilikaa kimya mwashi alipoinuka, likangoja watu watoke, ndipo likatoa pumzi moja ndefu ya mtu aliyepokea mzigo na kuuweka vizuri mabegani. Harufu ikapanda: dawa ya kuchua, na nyuma yake vumbi la saruji.

"Umesikia?" Kiganja akamwuliza binti yake.

"Nini, baba?"

"Hamna. Shona."

Habari ikasambaa. Watu wakaja wamepinda, wakatoka wamenyooka. Akaja muuguzi mstaafu, akaja mchukuzi wa sokoni aliyewahi kumbeba baba yake mgonjwa, akaja mama mmoja aliyelea mtoto asiyeweza kutembea mpaka mtoto akawa mkubwa kumzidi. Wote walilala kwenye godoro la karibu na ukuta, wote waliamka wepesi. Dereva wa lori peke yake, aliyeumizwa na kiti chake tu, ambaye hakuwahi kumbeba mtu hata kwenye lori, aliamka na maumivu yake yote na maneno machafu juu yake. Na kila alipotoka mteja aliyepona, godoro lilivuta kimya chake, likashusha pumzi, na dawa ya kuchua ikanuka mpaka kwa fundi redio.

"Baba, lala na wewe," binti alisema jioni moja akifunga cherehani. "Watu wanatoka mbali wanapona kwako, wewe unavaa viatu ukiwa umeegemea ukuta. Mimi ndiye ninayekusikia unavyogumia."

"Wangu uache."

"Kwa nini?"

"Nimeuzoea."

"Mgongo si mke, baba, mpaka uuzoee."

Wote wawili walisikia neno lile lilipoangukia.

Mkewe Kiganja alikuwa ameugua muda mrefu kabla hajafariki, miguu imekufa ganzi. Godoro gani hakujaribishiwa. Baba na binti walimbeba asubuhi kwenda kuoga, wakambeba mchana kukaa kwenye kiti cha magurudumu barazani, wakambeba kurudi kitandani. Naye alikuwa mtu wa utani hata pale. Asubuhi moja, Kiganja amemnyanyua, yuko hewani, hayuko kitandani wala kitini, mama akamnong'oneza sikioni: "Polepole, muuza godoro. Mimi ukinivunja sina akiba stoo." Kiganja akacheka. Na katikati ya kicheko kile, mzigo ukiwa mikononi, kitu kikakatika kiunoni mwake kama uzi wa cherehani. Hakumwangusha. Alimfikisha kitini, wakacheka wote watatu hadi machozi, na tangu siku ile hakunyooka tena.

Kwa hiyo kila kiuno kilipomchoma alisikia sauti ile sikioni, na mdomo wake ukaenda upande kidogo. Watu walidhani anakunja uso kwa maumivu. Kumbe alikuwa anacheka na mkewe.

Basi mke wa mwashi akarudi, safari hii peke yake. Akakataa kiti. Alisema kwa sauti ya chini, akilitazama godoro la karibu na ukuta kama mtu anayesengenya jirani aliyepo.

"Baba, mgongo wa mume wangu umepona."

"Tumshukuru Mungu."

"Ngoja kwanza. Jana mdogo wake alikuja, yule wa mguu. Huja kila mara, wanakaa wanacheza karata. Mume wangu akatoka mlangoni, akamtazama juu mpaka chini, akamwambia leo hatuna kibarua." Akapiga hatua moja mbali na godoro. "Yule akacheka, akadhani utani. Akamwita kaka. Mume wangu akaniuliza mimi, huyu mlemavu anataka nini. Baba, hakuwa anatania. Ananijua mimi, anawajua watoto, anajua mpaka alipoficha nyundo yake. Mdogo wake tu ndiye hayumo. Amechomolewa."

Nyuma yao cherehani ya binti ilikuwa imesimama. Alikuwa anasikiliza.

Mke wa mwashi alipoondoka, Kiganja alilifunga godoro lile kwa nailoni na kamba, akalisimamisha limeelekea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Asubuhi lilikuwa limesimama vile vile, kamba ni zile zile, ila nailoni kwa ndani ilikuwa imetoka jasho, nalo linapanuka na kurudi, linapanuka na kurudi, taratibu, bila mtu. Ukitega sikio, humo ndani kulikuwa na minong'ono mingi, kama chumba cha kungojea daktari.

Wakamwita mtaalamu wa majini, mzee mmoja aliyejulikana kwa jina la Mzee Mkoba, kwa sababu hakuachana na mkoba wake wa ngozi hata akienda msalani. Na Mzee Mkoba, naomba mniamini, aliingia dukani ameshika kiuno.

"Kuna majini wanapenda manukato," alisema, akilizunguka lile godoro. "Wapo wanaopenda damu. Huyu anapenda mizigo. Mtu uliyembeba au kumkinga mpaka ukaumia, uchungu wake unakaa mgongoni na sura yake inakaa humo humo. Jini huyu anachukua vyote viwili kwa mkupuo. Si mkorofi. Amelemewa na upweke, anajaza nyumba."

"Utamtoa?"

"Huyu? Nimewatoa wakubwa zake. Dua zake ninazo. Alinifundisha mwalimu wangu, kiwete, ambaye mimi ndiye nilikuwa miguu yake. Nilimbeba nyumba kwa nyumba ujana wangu wote, ndiyo maana mnaniona hivi." Akawaamuru walifungue, walilaze kitandani. Akawasha ubani. Kisha akafanya kosa ambalo angelifanya mtu yeyote mwenye kiuno kibovu akiwa mbele ya godoro zuri. Alilibonyeza kwa kidole. Akalibonyeza kwa kiganja. Akakaa pembeni, akasema anampima jini uzito. Akajiegemeza. "Kidogo tu," akasema, "nimsikie kwa karibu."

"Mzee, usilale," binti akasema.

Mzee Mkoba alikuwa ameshatabasamu.

Alipoinuka alikuwa mrefu kuliko alivyoingia. Akaunusa ubani, akapiga chafya, akauliza nani anachoma takataka ndani ya nyumba. Akautazama ule mkoba. "Huu wa nani?" akauliza. "Usije ukapotea hapa, mwenyewe akalalamika." Kiganja akamwuliza habari ya dua, naye akamtazama kwa upole, kama unavyomtazama mgonjwa, akasema yeye hajui mambo ya dua, hakupata kufundishwa na mtu.

Nyuma yao godoro likashusha pumzi. Safari hii halikungoja wateja waondoke.

Kiganja akamkokota mzee wa watu mpaka kwake, na mkoba wake kwapani, maana mwenyewe aliukataa. Aliporudi alisikia duka zima likipiga mluzi. Ni binti yake, ameketi kwenye cherehani, amenyooka kama mwimo wa mlango, anaunga foronya. Hakuwa amepiga mluzi tangu msiba. Kiganja alifurahi, masikini, alifurahi kwa muda wa kuvua kofia na kunyoosha mkono aitundike.

"Baba," binti akasema bila kuinua kichwa, "kile kiti cha magurudumu chumba cha nyuma ni cha nani? Kinatuzibia njia. Tumpe mwenye shida."

Kofia ikaanguka.

"Cha nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Kimefunikwa na khanga nzuri kabisa. Nimeifua, nitaishonea mito."

Kiganja akashika meza. Alitazama kitanda cha karibu na ukuta. Godoro lilikuwa na bonde la mtu mwembamba aliyelala ubavu, bado halijarudi. Akamtazama binti, ambaye shingo yake ilikuwa haina tena ile namna ya kuinama upande, ya mtu aliyeshika miguu ya mgonjwa huku baba ameshika mabega.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "kama ungekuwa na kitu kinakuuma sana, halafu kikapotea, ungetaka kirudi?"

Binti akacheka. Kicheko kilikuwa cha mama yake, chote, na mwenyewe hajui amekitoa wapi.

"Baba, nani anatafuta maumivu yaliyopotea?"

Mchana wa kesho yake mvua ilinyesha, mtaa ukafunga milango, binti akaenda kulala chumba cha nyuma. Kiganja akabaki dukani na taa moja. Alikuwa amekaa akifikiri tangu alfajiri na amefikia mahali pabaya. Kuwa peke yake na marehemu alikuwa amezoea. Kuwa peke yake anayejua kwamba marehemu aliwahi kuwapo, hilo hakuliweza. Picha ukutani binti aliipita kama kalenda ya mwaka jana. Basi, alisema moyoni, nami nimfuate mwanangu. Tukisahau, tusahau wote, tuwe baba na binti waliotoka hewani. Akavua viatu akiwa ameegemea ukuta. Akalala chali kwenye godoro la karibu na ukuta, vile anavyolala kwake.

Kwanza hakukuwa na kitu ila mvua juu ya bati. Halafu sponji chini ya kiuno chake ikainuka taratibu, kama mtu anayegeuka usingizini, na mkono wenye joto la homa ukapenya kwenye ule upenyo ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuufikia, ukajaa pale vizuri, kwa kubanwa kidogo, kama alivyofundisha watu maisha yake yote.

"Mzito huyu," sauti ikasema kutoka ndani, ya chini na ya huruma. "Nipe."

"Unawapeleka wapi?"

"Siwapeleki popote. Nawabeba. Mimi hakuna aliyewahi kunibeba. Nipe, upumzike."

Na Kiganja akalegea, na maumivu yakaanza kutoka kama uzi unaovutwa polepole kwenye mshono, na jinsi uzi ulivyovutwa ndivyo vitu vilivyokwenda nao, kikaenda kikohozi cha mkewe cha alfajiri, ikaenda namna alivyosuka nywele akiwa amekaa mlangoni, likaenda jina alilomwita wakiwa wawili tu, likafuata joto la mgongo wake kitandani, na kila kilipokwenda yeye alijisikia mwepesi zaidi, akajisikia vizuri, akajisikia vizuri mno, na minong'ono ndani ya sponji ikawa ya watu waziwazi, mdogo wa mwashi, mwalimu kiwete, mtoto asiyetembea, na katikati yao sauti moja ya mwanamke ambayo ni binti yake aliyeileta humo, ikinong'ona polepole, muuza godoro, polepole, naye akatega sikio apate kicheko chake cha kila siku, mimi ukinivunja, mimi ukinivunja, akangoja mwisho wake, na mwisho haukuja, akautafuta mwenyewe kichwani, mimi ukinivunja nini, alisema nini yule, alisema nini yule mtu aliyekuwa mikononi mwangu, na ni nani aliyekuwa mikononi mwangu, na kwa nini nilicheka.

Akapeleka mkono wake chini ya kiuno. Kwa mara ya kwanza ulifika. Akaukamata ule mwingine, akaubana kama anambana mwizi, na kwa mkono uliobaki akapapasa ukutani mpaka akakipata kisu cha sponji.

"Usinivunje," sauti ikasema. "Nitawaangusha."

"Sina akiba stoo," Kiganja akajibu, na maneno yakamrudia yote mdomoni mwake kabla hajajua ameyapata wapi, na akachoma.

Alilipasua godoro kutoka kichwani hadi miguuni huku amelala juu yake. Pumzi zikatoka zote kwa pamoja, sauti ya watu wengi wakiinuliwa kwa ghafla, na dawa ya kuchua ikanuka hadi macho yakauma. Kiuno kikamkata kama shoka. Akapiga yowe, na ndani ya yowe akacheka, maana mkewe alikuwa amerudi sikioni mwake, mzima mzima, na utani wake wote.

Mtaani mchukuzi alikaa chini katikati ya mvua. Ng'ambo ya pili ya mji mwashi, ameshika pima maji ya kunyooshea ukuta, alianza kumwita mdogo wake kwa jina huku akilia kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Na chumba cha nyuma binti akapiga kelele moja tu.

Alitoka akitambaa, ameshika kiuno kwa mkono mmoja, na khanga ya mama yake mkono wa pili. Kwake yeye mama alikuwa amekufa dakika ile. Kila kitu, kuanzia ile asubuhi walipomkuta hapumui, kilikuwa kibichi.

"Umefanya nini, baba?" akanong'ona. "Umefanya nini?"

"Nimekurudishia mama yako. Hukujua, mwanangu, ulilala bila kujua."

"Nilijua." Akaketi sakafuni juu ya vipande vya sponji. "Nilimsikia mke wa mwashi kama ulivyomsikia wewe. Nilimwona yule mzee anavyoinuka. Nilijua, nikalala. Nilikuwa nimechoka, baba. Wewe ukiumwa unamsikia akitania. Mimi nikiumwa namsikia akiniomba maji usiku ule wa mwisho nami nikapitiwa na usingizi."

Kiganja hakuwa na habari ya maji. Akalala chini kando yake, sakafuni, mtu aliyeuza magodoro maisha yake yote, akapitisha mkono chini ya kiuno cha mwanawe palipouma, akauacha pale. Chini ya mkono ule palikuwa na sementi tu. Wakakaa hivyo mpaka mvua ikaisha.

Mzee Mkoba akaja jioni ile ile bila kuitwa, amepinda kuliko zamani, anamlilia mwalimu wake na kudai mkoba. Safari hii hakubonyeza kitu. Alisoma amesimama, akasoma mpaka sauti ikakauka, wakayachoma mapande ya lile godoro uani, na moshi wake, wanasema, uliondoka kwa shida, ukijikokota chini chini kama kitu kilichobeba mzigo.

Binti akafagia. Na hapa ndipo linapoingia lile gunia. Mkono wa mtu aliyelelewa kati ya magodoro haukiulizi kichwa: vipande vikubwa vilikwenda motoni, lakini makombo, yale madogo kama ukucha, mkono wake uliyakusanya huku macho yamejaa machozi, ukayatia mahali yanapotiwa siku zote.

Kulitokea nini baadaye? Mwashi na mdogo wake wanacheza karata. Kiganja bado ni ndoano. Binti hapigi mluzi, ila siku moja moja anamwekea baba mto nyuma ya mgongo na kumwuliza, "Polepole, muuza godoro?" na wote wawili wanauma midomo. Ni wao walionisimulia haya yote nilipokwenda kununua godoro, maana mgongo wangu nao ulikuwa umekwisha, sasa hata sikumbuki kwa kumbeba nani. Niliona lile gunia. Nikaomba mto. Binti akasema gunia lile hawalitumii tena, amekumbuka alichotia, wanangoja Mzee Mkoba aje. Nikamwambia, mwanangu, jini akinikalia mimi atacheka mpaka ahame mwenyewe. Baba alikuwa ameenda kupima mteja. Nikajaza mto kwa mikono yangu miwili.

Nimeukalia sasa hivi ninapoandika. Mgongo hauniumi hata kidogo. Tatizo langu ni moja tu: humu nyumbani mwangu kuna bibi mmoja kwenye kitanda cha dirishani, hawezi kuinuka, na kila nikisoma kwa sauti ananikatiza, "sivyo, umeruka, rudi nyuma." Nimemwendea kwa heshima, nikamwambia shikamoo mama, wewe ni mgeni wa nani? Amegeukia ukuta, analia. Msimlaumu jini, yeye alikuwa amelala guniani kwake. Mwenye kuomba mto ni mimi.